Njia nne za kupanga mtaala, zikipimwa kwa daftari moja

Daftari liko wazi mezani. Mwanafunzi ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akapiga mstari nadhifu chini ya jibu, na wala hana wasiwasi. Ukimwuliza amelipataje, anaeleza bila kigugumizi: moja na moja mbili, mbili na tatu tano.

Nimekaa kwenye kamati za mitaala kiasi cha kutosha kujua kwamba kila njia ya kupanga mtaala hujinadi kuwa inamjali mwanafunzi. Sijapata kumsikia mtu akisimama kusema njia yake inamjali mchapishaji wa vitabu. Kwa hiyo tangazo hilo halitusaidii kuchagua. Swali ninalolitumia mimi ni hili: kosa la mtoto huyu, likishaonekana leo, linaweza kubadilisha kitakachofundishwa wiki ijayo? Kama linaweza, ni nani mwenye ruhusa ya kubadilisha, na itamchukua siku ngapi?

Jambo moja tuliweke sawa kabla ya kuanza. Mtaala si muhtasari wa somo. Muhtasari hutaja mada. Mtaala unabeba pia mfuatano wa mada hizo, muda zinaopewa, namna zinavyofundishwa na namna zinavyopimwa. Shule nyingi hazina mamlaka juu ya muhtasari, unakuja tayari. Hayo mengine, hata hivyo, kwa sehemu kubwa yako mikononi mwao, na ndiyo tunayoyachagua hapa.

Malengo kwanza, somo kwa somo

Wengi wetu tulisomeshwa kwa njia hii, kisha nasi tukaja kuifundishia. Sura yake ya kisasa iliwekwa na Ralph Tyler mwaka 1949 kwa maswali manne: shule inataka kufikia malengo gani, wanafunzi wapitie shughuli zipi ili kuyafikia, shughuli hizo zipangweje, na tutajuaje kama malengo yamefikiwa. Watu humsema Tyler kana kwamba hakuwahi kumwona mtoto, jambo ambalo si haki. Alitaja vyanzo vitatu vya malengo, na cha kwanza kilikuwa wanafunzi wenyewe. Viwili vilivyobaki ni maisha yaliyo nje ya shule na maoni ya wabobezi wa masomo. Tatizo lilizaliwa kwenye utekelezaji. Swali la upimaji lilikaa nafasi ya nne, na mashuleni nafasi ya nne ikageuka kuwa mwisho wa muhula.

Tuliweke daftari letu humo. Jibu 2/5 linapigwa kosa kwa kalamu nyekundu. Azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa muhula, linasema wiki ijayo ni desimali, na desimali zinaanza. Miezi miwili baadaye mtihani unaonyesha kwamba theluthi ya darasa hujumlisha sehemu (namba kama 1/2 na 1/3) vilevile, lakini ratiba imeshafika kwenye asilimia. Mwalimu analijua kosa, mwalimu wa taaluma analijua, ila hakuna aliyepewa nafasi ya kulishughulikia.

Pamoja na hayo, sitaki mtu aitupe njia hii kwa sababu tu imezeeka. Mwalimu akiondoka katikati ya mwaka, anayempokea anajua aanzie wapi. Mwanafunzi anayehamia hapotei sana. Na yapo masomo ambayo ngazi zake haziruki: huwezi kutafuta asili (namba ya chini) moja ya 2 na 3 kama kigawe kidogo cha shirika hukijui. Shule yenye walimu wapya wengi, au yenye walimu wanaohama kila mara, inaihitaji njia hii zaidi ya inavyotaka kukiri.

Kuanzia mwisho

Grant Wiggins na Jay McTighe waliipa umaarufu njia hii mwaka 1998. Unaanza na kile ambacho mwanafunzi anatakiwa awe amekielewa, kisha unaamua ushahidi gani utakuthibitishia kwamba amekielewa, na vipindi unavipanga mwisho kabisa. Ukiiweka kando ya Tyler kwenye karatasi, ni kama hatua mbili zimebadilishana viti. Ndani ya chumba cha walimu ni mambo mawili tofauti kabisa, kwa sababu mwalimu analazimika kuandika kipimo kabla hajagusa andalio la somo, na mtu akiandika kipimo mapema hugundua haraka kwamba hajui alikuwa anataka nini.

Nitoe mfano wa sehemu. Walimu wanne wa hisabati wanakaa kuamua ushahidi wa kwamba mtoto ameelewa kujumlisha sehemu. Wa kwanza anapendekeza maswali 20 ya kujumlisha. Wa pili anauliza: mtoto aliyekariri hatua tu, si atayapata yote? Kimya kidogo. Baada ya mabishano wanafika kwenye swali hili: "Mwenzako ameandika kwamba 1/2 + 1/3 ni 2/5. Bila kukokotoa chochote, mwonyeshe kwamba jibu lake haliwezekani." Mtoto anayeelewa ataona kwamba 2/5 haifiki nusu. Ulikuwa na nusu, ukaongeza kitu, ukaishia na pungufu ya nusu! Hapo ameelewa, hata kama kesho atakosea kukokotoa na kupata kitu kingine badala ya 5/6.

Swali hilo moja linabadilisha vipindi vyote vinavyolitangulia. Haiwezekani tena kuingia darasani na kanuni peke yake. Itabidi watoto wakunje karatasi, walinganishe urefu, wakadirie kabla ya kukokotoa. Na kwa kuwa kipimo kipo tangu mwanzo, kinaweza kukatwa vipande vidogo vikaulizwa katikati ya mada. Tofauti kati ya tathmini ya kurekebisha, ya katikati ya somo, na tathmini ya kuhitimisha, ya mwisho wake, ambayo Michael Scriven aliipa majina mwaka 1967, inaacha kuwa maneno ya semina na kuwa kitu chenye tarehe kwenye ratiba. Kosa la daftari linaonekana Jumanne na kushughulikiwa Alhamisi.

Udhaifu wake? Inakula muda mwingi kabla ya muhula kuanza, wakati ambao walimu wengi hawana hamu ya vikao. Ushahidi uliopangwa mapema pia hunasa makosa yaliyotarajiwa; lile ambalo hakuna aliyeliwazia litapita katikati ya nyavu. Na tuseme ukweli: matokeo bado yanaamuliwa na watu wazima. Mwanafunzi yumo katikati ya mpango, lakini hakuulizwa.

Kuanzia darasani

Hilda Taba alifanya kazi na Tyler, akamheshimu, kisha akaipindua safari. Mwaka 1962 alisema mtaala usitoke juu ukateremka kwa mwalimu. Uanze na mwalimu kutunga mada moja kwa ajili ya wanafunzi anaowafahamu, aijaribu, airekebishe, na mada zilizofaulu zikusanywe hadi ziwe mtaala. Ana hatua saba, na inayonivutia ni ya kwanza: kuchunguza mahitaji. Kabla ya lengo lolote, uliza watoto hawa wanajua nini na wamekwama wapi.

Hapa daftari letu ndilo linaloanzisha mpango. Mwalimu anakusanya madaftari 40, anayapanga mafungu: waliojumlisha juu na chini, walioweka asili moja ila wakasahau kubadili kiasi (namba ya juu), waliopata sawasawa, na wale ambao hata huelewi walifanya nini. Mada inatungwa kutokana na mafungu hayo. Ukichukua dakika 2 kwa kila daftari, hiyo ni dakika 80, na ni darasa moja tu. Mwenye madarasa matano anahitaji zaidi ya saa sita na nusu. Hesabu hiyo ndogo ndiyo imeua mitaala mingi ya namna hii, wala si upinzani wa wakubwa. Dawa yake ipo: chukua madaftari 10 kwa kila darasa, kwa kubahatisha, na mafungu makubwa ya makosa yatajitokeza karibu yote.

Linganisha na njia ya kuanzia mwisho: ile inashika vizuri mwelekeo, hii inashika vizuri hali halisi. Ile inaweza kuwa na mpango mzuri kwa watoto ambao hawapo. Hii inaweza kuwahudumia vyema watoto waliopo huku ikisahau walipokuwa wakienda. Nimeona shule moja (sitaitaja) ambako kila mwalimu alitunga mada zake kwa bidii ya kupigiwa mfano, na mwisho wa mwaka ikabainika kwamba wanafunzi walikuwa wamesoma mzunguko wa maji mara tatu, kwa walimu watatu tofauti, na umeme hawakuugusa. Hakuna aliyekuwa mvivu, ila karatasi ya kuonyesha nani anafundisha nini ndiyo haikuwapo.

Miradi

Njia hii ndiyo hupigwa picha. William Kilpatrick aliiandikia mwaka 1918 akitaka masomo yazunguke shughuli ambayo mwanafunzi ameidhamiria kwa moyo wake wote. Wanafunzi wanajenga, wanapima, wanahoji watu, wanaonyesha kazi yao hadharani. Mradi ukiwa mzuri, hakuna njia inayoushinda kwa kumfanya mtoto aone kwa nini hesabu ipo.

Sasa tazama kwa karibu. Kundi la wanafunzi watano linatengeneza kielelezo cha darasa lao kwa kipimio cha 1 kwa 20. Ukuta wa meta 6 unakuwa sentimeta 30. Mmoja ameshika rula na kalamu, anagawanya na kuandika. Wa pili anasoma vipimo. Wa tatu anakata kadibodi. Wa nne anapaka rangi. Wa tano anapuliza gundi ikauke. Siku ya maonyesho kielelezo kinapendeza, kundi zima linapata alama 18 kati ya 20, na mwanafunzi wetu wa 2/5, ambaye alikuwa wa kupaka rangi, anakwenda nyumbani na 18 yake na kosa lake vilevile. Mradi haukulificha kosa kwa makusudi. Haukuwa na mahali pa kulionyesha.

Ndiyo maana namwamini John Dewey, ambaye wapenda miradi humtaja kila siku, pale alipowaonya wafuasi wake mwaka 1938 kwamba si kila tendo humfundisha mtu, mengine humpotosha. Mwaka 2006 watafiti Kirschner, Sweller na Clark walikwenda mbali zaidi. Hoja yao ni kwamba anayeanza kujifunza jambo, akiachiwa agundue bila kuongozwa, akili yake inajaa mzigo wa kutafuta na haibakizi nafasi ya kujifunza. Wapo waliowapinga, wakisema miradi mizuri haikosi uongozi. Ukizisoma pande zote mbili unakuta ugomvi wao mkubwa ni juu ya kiasi cha msaada, na kwamba mwenye ujuzi tayari hufaidi uhuru kuliko anayeanza. Hilo linanitosha kufanya uamuzi: mradi uje baada ya msingi, ama uwe na vituo ndani yake ambapo kila mmoja anafanya hesabu yake peke yake.

Upande wa pili wa mizani uko utafiti wa miaka minane uliofanyika Marekani katika miaka ya 1930. Takriban shule 30 ziliruhusiwa kubuni mitaala yao, na vyuo vikakubali kuwapokea wahitimu wake bila masharti ya kawaida ya masomo ya kuingilia. Wahitimu 1,475 walilinganishwa, mmoja kwa mmoja, na wenzao waliotoka shule za kawaida. Walifanya vizuri chuoni sawa na wenzao, na kwa mambo kadhaa waliwazidi kidogo. Shule zenyewe zilikuwa na walimu na nyenzo ambazo si kila shule inazo, kwa hiyo nisingejenga nyumba nzima juu yake. Lakini anayedai kwamba kuacha mpangilio wa kawaida lazima kumharibie mtoto safari ya chuo, amejibiwa tangu 1942, matokeo yalipochapishwa.

Kuna pia njia ya kati ambayo nchi nzima imeiweka kwenye maandishi. Mtaala wa Ufini wa mwaka 2014, ulioanza kutumika mashuleni 2016, haukufuta masomo kama habari nyingi zilivyotangaza. Ulitaka kila mwanafunzi wa elimu ya msingi apate walau moduli moja kwa mwaka inayounganisha masomo kadhaa, na wanafunzi washiriki kuipanga. Moduli moja. Sehemu kubwa ya mwaka masomo yanaendelea kwa majina yake.

Vipi kuhusu umahiri na mzunguko?

Hivi huwekwa kwenye orodha pamoja na njia zilizotangulia, nami naona ni kuchanganya mambo. Hizo ni kanuni za mwendo, na unaweza kuzichomeka kwenye njia yoyote.

Umahiri, kwa maana aliyoieleza Benjamin Bloom mwaka 1968, unasema muda ubadilike ili kiwango kisibadilike: darasa linapimwa, aliyefika anapewa kazi ya kumpanua, ambaye hajafika anarudishiwa somo kwa njia nyingine kisha anapimwa tena. Kwa mtoto wa 2/5 hii ni neema. Gharama yake ni kwamba mwalimu anahitaji njia ya pili ya kufundisha kitu kilekile, na wengi tuna moja tu ambayo tunairudia kwa sauti ya juu zaidi.

Mzunguko ni wa Jerome Bruner, 1960: mada irudi miaka inayofuata ikiwa na kina zaidi. Angalia tu isirudi ikiwa vilevile.

Kusimamia: ofisi moja au timu za walimu?

Hapa ndipo uchaguzi wa kweli ulipo, na kamati nyingi hufika hapa zimeshachoka.

Ofisi ya taaluma ikishika mtaala peke yake, unapata nyaraka safi, majina ya mada yanayofanana na ripoti zinazofika kwa wakati. Unapata pia mwalimu anayejua kwamba watoto hawajaelewa sehemu lakini anaanza desimali kwa sababu Ijumaa azimio lake litakaguliwa. Timu za walimu wa somo zikishika mtaala, mabadiliko yanakuja haraka na yanatoka kwenye madaftari, ila timu mbili zinaweza kuachana bila kujua, na timu yenye mtu mmoja mwenye sauti kubwa inageuka kuwa ofisi ndogo. Ningegawa hivi: mfuatano wa mada na vipimo vya mwisho wa mada vikae ofisini, visiguswe katikati ya mwaka; mwendo, mifano, mazoezi na namna ya kurudia viwe vya timu, bila kuomba kibali.

Mgawanyo huo hauna maana kama ratiba imejaa pomoni. Chukua mwaka wa wiki 36 wenye vipindi 5 vya hisabati kwa wiki: ni vipindi 180. Mpangaji asiye na uzoefu atazigawia mada vipindi vyote 180. Toa mitihani, siku za shughuli na za ugonjwa, na mwezi wa tatu haujaisha darasa liko nyuma. Kila anayekuwa nyuma hukimbia, na anayekimbia haangalii madaftari. Panga 150, acha 30 bila jina. Wakubwa watakuuliza hivyo 30 ni vya nini. Waambie ni vya makosa ambayo bado hayajatokea.

Vikao navyo vina aina mbili. Kuna kikao ambacho kila mwalimu anasema amefika mada ipi, na kuna kikao ambacho madaftari sita yanawekwa mezani na watu wanauliza huyu aliwaza nini. Cha kwanza kinaweza kufanywa kwa ujumbe wa simu. Cha pili hakiwezi, na nusu saa kila wiki mbili inatosha.

Kuhusu sauti ya mwanafunzi, tofautisha uchaguzi wa jambo la kujifunza na uchaguzi wa namna ya kulifanya. Kumwachia mtoto achague kama atajifunza sehemu au la, ni kumkimbia. Kumwachia achague kama atathibitisha kwa mchoro, kwa karatasi iliyokunjwa au kwa maelezo, kunakugharimu kidogo na kunakuonyesha mengi. Na umri ukipanda, uchaguzi wa jambo lenyewe upanuke.

Ningechagua ipi

Shule yenye walimu wanaobadilikabadilika na mtihani mzito mbele: baki na malengo kwa masomo, ongeza vipindi vya akiba na vipimo vifupi vya katikati. Usianze na miradi, hata kama wafadhili wanaipenda.

Shule yenye walimu waliotulia lakini waliozoea kanuni na mazoezi: kuanzia mwisho, mada mbili tu kwa muhula wa kwanza, na swali la kipimo liandikwe na watu wasiopungua watatu. Sehemu ni mada nzuri ya kuanzia, kwa sababu ni humo watoto wengi huanza kujiona hawaziwezi hesabu.

Shule ndogo, walimu wenye uzoefu, mkuu wa shule asiyeogopa: kuanzia darasani, lakini bandika ukutani karatasi moja kubwa ya mada zote za mwaka, na mtu mmoja awe na kazi ya kuitazama.

Miradi ningeiweka mmoja kwa muhula katika yoyote kati ya hizo, yenye alama mbili: ya kundi kwa kielelezo, na ya mtu binafsi kwa ukurasa mmoja wa hesabu aliyoifanya mwenyewe, darasani, mwalimu akiwa anaona. Na safari hii, wa kupaka rangi ashike rula.